Karen Silkwood, mtumishi wa kiwanda cha nyuklia aliyekufa akiwa njiani kukutana na mwandishi wa habari

Usiku wa tarehe 13 Novemba 1974, gari dogo jeupe la aina ya Honda Civic liliacha barabara namba 74 katika jimbo la Oklahoma, Marekani, na kugonga ukuta wa zege wa daraja dogo la kupitishia maji. Ndani ya gari hilo alikuwa mwanamke mmoja tu, Karen Silkwood, mwenye umri wa miaka 28, mama wa watoto watatu na mtumishi wa kiwanda cha nyuklia. Alifia hapo hapo. Katika hoteli moja ya Oklahoma City, mwandishi wa gazeti la New York Times na kiongozi mmoja wa sendika walikuwa wakimsubiri.

Zaidi ya miaka 50 imepita, na sababu ya ajali hiyo bado inabishaniwa. Yale yaliyofuata, hata hivyo, yanajulikana vizuri. Kifo chake kilifungua mjadala mkubwa juu ya swali moja: mtumishi wa kiwanda cha nyuklia anapoona hatari kazini, ni nani anayepaswa kumsikiliza, na ni nani anayemlinda akisema?

Binti wa Texas aliyependa sayansi

Karen Gay Silkwood alizaliwa tarehe 19 Februari 1946 huko Longview, katika jimbo la Texas. Alikulia katika mji mdogo wa Nederland, eneo la viwanda vya petroli. Shuleni alipenda kemia na alifanya vizuri. Baada ya shule ya sekondari aliingia chuo cha Lamar, katika mji wa Beaumont, kusomea kazi za maabara ya hospitali.

Masomo hayo hakuyamaliza. Mwaka wa 1965 aliolewa na mfanyakazi wa mabomba ya petroli, na wakapata watoto watatu. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka wa 1972. Karen aliwaacha watoto kwa baba yao, akahamia Oklahoma City na kufanya kazi ya ofisi katika hospitali kwa muda mfupi. Mwaka huo huo alipata kazi yenye mshahara wa afadhali katika kampuni ya Kerr-McGee, iliyokuwa na kiwanda kando ya mto Cimarron, karibu na mji mdogo wa Crescent.

Kerr-McGee ilikuwa kampuni yenye nguvu sana katika Oklahoma. Ilichimba petroli na uraniumu. Mmoja wa waanzilishi wake, Robert Kerr, alikuwa gavana wa jimbo na baadaye seneta huko Washington. Katika eneo la mashamba na vijiji kama Crescent, kupata kazi kwake ilikuwa bahati. Ndiyo maana watu wengi walifunga mdomo hata pale walipoona mambo yasiyofaa.

Kazi ya plutoniumu

Kiwanda cha Cimarron kilitengeneza fito za chuma zilizojazwa fueli ya plutoniumu. Fito hizo zilipelekwa Hanford, katika jimbo la Washington, kwa ajili ya mtambo wa majaribio uliokuwa ukijengwa na serikali. Karen aliwekwa katika maabara. Kazi yake ilikuwa kupima ubora wa bidhaa kabla haijatoka kiwandani.

Plutoniumu ni kitu cha ajabu. Mionzi yake mikuu haipiti ngozi ya mtu. Hata karatasi inaweza kuizuia. Lakini vumbi lake likiingia kwenye mapafu kwa kupumua, linakaa humo na kuendelea kuchoma nyama ya mwili kidogo kidogo kwa miaka mingi, na linaweza kuleta kansa. Kwa sababu hiyo watumishi hawaigusi kwa mikono. Wanaishughulikia ndani ya masanduku yaliyofungwa, wakiingiza mikono katika glavu ndefu zilizoshikamana na sanduku lenyewe. Glavu ikitoboka, au mfuniko usipofunga sawasawa, vumbi linatoka nje na kumfikia mtu.

Watumishi wengi wa Cimarron walikuwa vijana waliotoka mashambani. Mara kadhaa walikutwa na plutoniumu kwenye ngozi au nguo, wakasafishwa na kurudishwa kazini. Sendika ililalamika kwamba mafunzo yalikuwa mafupi na kwamba watu hawakuelezwa wazi kuwa kitu walichokishika kinaweza kuleta kansa.

Kuingia katika sendika

Muda mfupi baada ya kuajiriwa, Karen alijiunga na sendika ya wafanyakazi wa petroli, kemia na atomiki, iliyojulikana kwa herufi OCAW. Mwishoni mwa mwaka wa 1972 sendika hiyo iliitisha mgomo Cimarron. Karen alisimama mlangoni na wagomaji wengine. Mgomo huo ulishindwa. Kampuni iliwaweka watu wengine kazini, na wagomaji wakarudi bila kupata walichodai. Watumishi wengi walijitoa katika sendika. Karen alibaki.

Mwaka wa 1974 wenzake walimchagua kuwa mmoja wa wajumbe watatu wa kamati ya kujadiliana na kampuni. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo kiwandani hapo. Alipewa jukumu la afya na usalama. Hapo ndipo alipoanza kutembea na daftari, akiwauliza wenzake na kuandika: nani alipatwa na vumbi, siku gani, katika chumba gani, na wakubwa walifanya nini.

Mbele ya wadhibiti huko Washington

Mwezi wa Septemba 1974, Karen na wajumbe wenzake wawili walisafiri hadi Washington. Katika makao makuu ya sendika walipokelewa na Tony Mazzocchi, aliyekuwa anajulikana nchini kote kwa kupigania afya ya wafanyakazi, pamoja na msaidizi wake Steve Wodka. Ni katika safari hiyo Karen alielezwa waziwazi uhusiano kati ya plutoniumu na kansa. Tarehe 27 Septemba, ujumbe huo ulipeleka malalamiko yake mbele ya Tume ya Nishati ya Atomiki, chombo cha serikali kilichosimamia viwanda vyote vya nyuklia.

Kuelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa gumu, inafaa kujua tume hiyo ilikuwa nini. Iliundwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kuchukua, mwaka wa 1947, kazi za mradi wa siri uliotengeneza bomu la atomiki, mradi ambao sehemu kubwa ya uraniumu yake ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Baadaye sheria ya mwaka wa 1954 iliipa kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, kukuza matumizi ya nishati ya atomiki na kuzisaidia kampuni kuingia katika biashara hiyo. Pili, kuzikagua kampuni hizo hizo na kuziadhibu zikikosea. Katika Bunge la Marekani wengi waliona kwamba mchungaji na mfanyabiashara wa kondoo hawawezi kuwa mtu mmoja. Na katika kesi ya Cimarron kulikuwa na jambo la ziada: fito zilizotengenezwa pale zilikuwa za mtambo wa tume yenyewe.

Pamoja na malalamiko ya afya, Karen aliieleza sendika jambo zito zaidi. Alidai kwamba vipimo vya ubora wa fito vilikuwa vinachezewa, na kwamba picha za ukaguzi zilirekebishwa ili kasoro zisionekane. Viongozi wa sendika waliona kwamba dai kama hilo halifai kutolewa bila ushahidi mkononi. Walimwomba arudi kazini na kukusanya karatasi kimyakimya, kisha ziwekwe mbele ya mwandishi wa habari David Burnham wa New York Times. Kwa hiyo Karen alirudi Oklahoma akiwa na kazi mbili: ile ya maabara, na ile ambayo wakubwa wake hawakuijua.

Mwezi wa Oktoba sendika ilileta wanasayansi wawili kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota kuwaeleza wafanyakazi hatari za plutoniumu. Siku chache baadaye wafanyakazi walipiga kura kuamua kama sendika ibaki kiwandani. Sendika ilishinda.

Siku tatu za sumu

Tarehe 5 Novemba 1974, Karen alijipima baada ya kufanya kazi kwenye sanduku la glavu. Mashine ilionyesha plutoniumu kwenye mikono na nguo zake. Alisafishwa. Glavu alizotumia zilikaguliwa, lakini hazikukutwa na tundu. Kesho yake, baada ya kazi ya karatasi tu, mashine ililia tena. Tarehe 7 Novemba hali ilikuwa mbaya zaidi: hata hewa aliyoitoa puani ilionyesha kwamba plutoniumu ilikuwa imemwingia mwilini.

Wataalamu wa kampuni waliingia katika nyumba aliyopanga na rafiki yake. Walikuta plutoniumu chooni na jikoni, hata kwenye vyakula ndani ya friji. Walivaa mavazi ya kujikinga, wakabeba vyombo, nguo na vitu vyake vingine ili viharibiwe. Katika muda wa siku chache Karen alikuwa amepoteza karibu kila alichokuwa nacho.

Pamoja na mchumba wake na rafiki aliyeishi naye, alipelekwa Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, kupimwa katika maabara kubwa ya serikali. Madaktari walimwambia kwamba kiasi kilichokutwa katika mapafu yake kilikuwa chini ya kile kilichoruhusiwa na sheria kwa mfanyakazi, na kwamba hakikuwa cha kumletea ugonjwa wa haraka. Karen hakutulia. Alikuwa na hofu ya kufa kwa kansa.

Plutoniumu hiyo ilifikaje nyumbani kwake? Swali hilo halijapata jibu la uhakika hadi leo. Kampuni ilidai kwamba alijipaka mwenyewe ili kuichafua. Familia na sendika walikataa kabisa, na wengine walishuku kwamba kuna mtu aliyemtegea. Wachunguzi wa tume walikuta kwamba katika baadhi ya chupa za mkojo alizotoa kwa ajili ya vipimo, plutoniumu ilikuwa imetiwa baadaye, haikutoka mwilini. Lakini hawakusema ni mkono wa nani.

Safari ya mwisho

Jioni ya tarehe 13 Novemba, siku moja baada ya kurudi kutoka Los Alamos, Karen alihudhuria mkutano wa sendika katika mkahawa mmoja wa Crescent. Mjumbe mmoja aliyekuwapo alieleza baadaye, kwa kiapo, kwamba Karen alikuwa na daftari na bahasha yenye karatasi. Kisha alishika njia kwenda Oklahoma City kukutana na Burnham na Wodka. Hakufika.

Polisi wa barabarani walisema alisinzia kwenye usukani. Katika damu yake kulikutwa dawa ya usingizi aliyokuwa ameandikiwa na daktari. Sendika ilimleta mtaalamu wake wa ajali kutoka Dallas. Huyo aliona mbonyeo nyuma ya gari na kuamua kwamba lilisukumwa na gari lingine. Polisi hawakukubaliana naye. Karatasi ambazo Karen alisemekana kubeba hazikuonekana tena. Hakuna mtu aliyefikishwa mahakamani kwa kifo hicho. Alizikwa Kilgore, katika Texas.

Tume ilijibu nini?

Ripoti ya wachunguzi wa serikali ilitoka Karen akiwa tayari kaburini. Ilikubali kwamba baadhi ya malalamiko ya sendika yalikuwa na ukweli, ingawa ni machache tu yaliyohesabiwa kuwa uvunjaji wa kanuni. Kuhusu picha za fito, mtumishi mmoja alikiri kwamba alipaka wino kwenye filamu, lakini wachunguzi waliona kwamba jambo hilo halikuharibu ubora wa fito zenyewe.

Jibu hilo liliwaacha wengi na uchungu. Jambo lililoonekana kuwa hatari machoni pa mtumishi liliweza kuwa halali kwenye karatasi, kwa sababu kanuni zenyewe zilikuwa legevu. Isitoshe, mtu aliyepeleka malalamiko hakuwa na kinga yoyote maalumu. Alirudi kazini mikononi mwa wale wale aliowalalamikia.

Wakati huo tume yenyewe ilikuwa inafikia mwisho wake. Mwezi wa Oktoba 1974 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya kuivunja. Tarehe 19 Januari 1975 kazi zake ziligawanywa: kukuza nishati kulipewa idara nyingine, na udhibiti ukapewa chombo kipya, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, NRC. Mageuzi hayo yalikuwa yameanza kabla ya kifo cha Karen. Kiwanda cha plutoniumu cha Cimarron kilifungwa mwaka huo huo wa 1975.

Kesi iliyofika Mahakama Kuu

Mwaka wa 1976 baba yake Karen aliishtaki Kerr-McGee, si kwa kifo cha binti yake bali kwa sumu iliyomwingia na kuchafua nyumba yake. Kesi ilisikilizwa Oklahoma City mwaka wa 1979, na avoka mashuhuri Gerry Spence akiisimamia familia. Kesi ikiwa inaendelea, tarehe 28 Machi 1979, ajali ya mtambo wa Three Mile Island katika Pennsylvania iliitia hofu Marekani yote.

Kampuni ilijitetea kwamba kwa sehemu kubwa ilifuata kanuni za serikali. Baraza la raia waamuzi halikuridhika. Mwezi wa Mei 1979 liliamua kwamba kampuni ilipe dola 505.000 za fidia na dola milioni 10 za adhabu. Mahakama ya rufaa ilifuta karibu fedha zote na kubakiza dola 5.000 za vitu vilivyoharibiwa.

Tarehe 11 Januari 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema kwamba udhibiti wa serikali juu ya usalama wa nyuklia hauizuii mahakama ya jimbo kuitoza kampuni adhabu. Kwa maneno mengine, kibali cha mdhibiti si ngao mbele ya mtu aliyeumizwa. Kesi ilirudishwa chini, na mwaka wa 1986 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1,38 bila kukiri kosa.

Sheria ya kuwalinda wanaosema

Mwaka wa 1978 Bunge la Marekani lilitunga kifungu kinachokataza kampuni za nyuklia kumfukuza au kumwonea mtumishi kwa sababu ametoa habari za usalama. Mtu akiadhibiwa, anaweza kushtaki kwenye Wizara ya Kazi, ambayo ina uwezo wa kuamuru arudishwe kazini na kulipwa. Mwanzoni alipewa siku 30 tu za kulalamika. Mwaka wa 1992 zikaongezwa hadi 180. Kwa upande wake NRC inapokea malalamiko, inajitahidi kuficha jina la aliyeyaleta, na inaweza kuitoza faini kampuni inayolipiza kisasi. Tangazo la haki hizo linapaswa kubandikwa mahali pa kazi.

Sheria kuwepo ni jambo moja, na sheria kutumika ni jambo lingine. Katika miaka ya 1990, mainjinia wa kituo cha umeme cha Millstone, katika jimbo la Connecticut, walilalamika kwamba usalama unapuuzwa na kwamba wanaosema wanateswa kazini. NRC ililaumiwa kwa kuchelewa. Mwaka wa 1996 gazeti la Time liliiweka habari hiyo kwenye jalada lake. Ndipo mitambo yote ya Millstone ikabaki imezimwa, na kampuni ikaamriwa kuleta wasimamizi huru wa kufuatilia jinsi inavyoshughulikia malalamiko ya watumishi. Mwaka wa 1997 ilitozwa faini ya dola milioni 2,1. Ilikuwa zaidi ya miaka 20 tangu Karen afariki, na bado kelele za magazeti zilihitajika ili mdhibiti aamke.

Maisha ya Karen Silkwood yalitengenezewa filamu mwaka wa 1983, Meryl Streep akicheza nafasi yake. Filamu hiyo ilifanya jina lake lijulikane duniani kote, na wengi walianza kumwona kama shujaa asiye na doa. Waliomfahamu walimjua kama mtu wa kawaida: mwanamke aliyeachana na mume na kuwa mbali na watoto wake, aliyevuta sigara, aliyekunywa dawa za kumtuliza, na ambaye mara nyingine aliwachosha hata marafiki kwa maswali yake.

Hakuwa injinia wala avoka. Alikuwa mtumishi wa maabara aliyeona vumbi mahali lisipopaswa kuwa, akaandika tarehe na majina, akayapeleka kwa wenye mamlaka. Leo mtumishi wa kituo cha nyuklia huko Marekani anayefanya hivyo ana sheria nyuma yake. Karen, mwaka wa 1974, alikuwa na daftari lake na sendika yake tu.